Doa la Rangi ya Chungwa

Mume wangu ni fundi cherehani, na mtaani wanamwita Bomba kwa sababu machozi yake hayana koki. Hulia kwenye misiba ya watu asiowajua. Hulia pindo la sketi likikaa sawa. Mimi nilishazoea, ila leso zake ndizo zinazonimalizia sabuni.

Sasa mpe mtu wa namna hiyo dawa za kifua kikuu! Vile vidonge vyekundu hutia rangi kila kinachotoka mwilini: mkojo, jasho, mate, hata machozi, vyote vinakuwa vya rangi ya chungwa. Muuguzi alituambia mapema kwamba hiyo ni rangi ya dawa tu, haina madhara. Mume wangu akashukuru, akarudi nyumbani, akalia ili aone kama ni kweli.

Dawa ilimkubali. Kikohozi kikakoma, mwili ukarudi, na muuguzi akasema hawezi tena kumwambukiza mtu. Lakini dozi ni lazima aimalize, maana ugonjwa ukiachwa nusu hurudi na hasira.

Tabu ilikuwa gauni. Binti yetu alikuwa anaolewa, na gauni lake jeupe alikuwa analishona baba yake mwenyewe. Maskini, alishona taulo likiwa shingoni na kitambaa kimefungwa kwenye paji la uso, jasho lisije likadondoka.

Dada yangu, mganga wa kujiteua, akaleta chupa ya majani ya porini yaliyochemshwa, eti yanafukuza rangi mwilini.

"Majani gani haya?" nikamuuliza.

"Ya kijani."

"Dada, jani gani si la kijani?"

"Ni vitu vya asili, mdogo wangu. Havina madhara."

"Hata upupu ni wa asili, mbona hujipaki?"

Muuguzi alishatuonya kwamba dawa zile zinalitwisha ini kazi ya kutosha, tusiliongezee mzigo tusioujua. Nikaimwaga chupa chooni, yeye akiangalia. Alininunia mpaka chakula kilipoiva.

Wiki ya harusi, asubuhi, natafuta kifungo kwenye kopo la vifungo, nakutana na vidonge vyekundu vimejibanza humo.

"We mzee! Hii nini?"

"Vitamini nimemeza," akajibu haraka. Ni kweli, kile kidonge kidogo cha vitamini cha kuzuia ganzi ya miguu hakuwa na ugomvi nacho. "Hivyo vingine nimevipumzisha kuanzia leo, mpaka harusi ipite. Nitamkumbatiaje mtoto na machozi haya? Nimharibie siku yake?"

Niliogopa, sifichi. Niliiona tena ile leso yenye damu, ya siku tuliyomkimbiza hospitali. Na mimi nikiogopa hufoka, basi nikafoka mpaka cherehani ikanyamaza.

Kumbe binti alikuwa chumba cha pili anajaribu gauni, na kila neno amelisikia. Akatoka amelivaa, mkia wa gauni ameukusanya mkononi, macho yamemwiva.

"Baba, njoo hapa."

"Kaa mbali, mwanangu! Gauni!"

Hakumsikiliza. Akamvuta, akakiegemeza kichwa cha baba yake begani kwake, akakishikilia hapo. Bomba likafunguka. Alipokiachia, bega la kulia lilikuwa na doa la rangi ya chungwa, pana kama kiganja.

"Haya, doa limeshaingia," binti akasema. "Huna tena unachokilinda. Nataka baba, gauni nitavaa siku moja tu. Meza."

Nikamletea maji. Akavimeza vyote, kimoja baada ya kingine, huku kwikwi zinamkata.

Kisha akajifuta uso, akarudi nyuma kidogo, akalitazama gauni kwa jicho la kazi. Akakunja paji la uso.

"Hapana, halijalingana," akasema. "Mwanangu, hebu lete na bega la pili."