Kumi na Nne Nukta Nne

Kwa miaka thelathini na mbili Karani alisimama nyuma ya mizani ya ghala, akisoma uzito wa magunia na kuuandika. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri, lakini jina hawakumnyang'anya. Akarudi nalo nyumbani. Mkewe, aliyekuwa akimwita baba watoto miaka yote hiyo, naye akaanza kumwita Karani, hasa siku alizotaka kumchokoza.

Kilichomkosesha raha katika ustaafu wake ni kukosa cha kusoma. Si magazeti, ni namba. Alipima mvua kwa kopo. Alipima urefu wa kivuli cha nyumba asubuhi na jioni, mpaka mkewe akamuuliza kama ana mpango wa kukiuza. Kwa hiyo siku mwanawe, aliyekuwa akifanya kazi mbali, alipoleta fundi akafunga paneli mbili za sola juu ya bati na betri moja nzito kwenye kona ya sebule, Karani hakuitazama taa iliyowaka. Alikitazama kisanduku kidogo kilichopigiliwa ukutani juu ya betri, kile ambacho fundi alikiita kontrola. Nyaya zote zilipitia humo: zinazotoka kwenye paneli, zinazokwenda kwenye betri na zinazokwenda kwenye taa na vyombo. Kilikuwa na kioo cha ukubwa wa kiberiti, na kwenye kioo palikuwa na namba.

Fundi aliuliza nani atakuwa mwangalizi wa mitambo. Kabla hajafunga mdomo, Karani alikuwa ameshaanza kutafuta miwani yake.

Akapata daftari, akalipiga mistari kwa rula. Kila siku saa saba mchana, akishamaliza kula, alinawa mikono, akasimama mbele ya kontrola, akasoma, akaandika, akatia saini. Kisha aligeuka na kuwatangazia waliokuwepo, hata kama aliyekuwepo ni mkewe peke yake na amesinzia. Namba karibu kila siku ilikuwa ile ile: kumi na nne nukta nne. Betri yenyewe ilikuwa imeandikwa ubavuni kuwa ni ya volti kumi na mbili. Sasa, kwa akili ya mtu wa ghala, chombo cha kumi na mbili kilichobeba kumi na nne nukta nne kimejaa pomoni na kinamwagika. Na kumwagika huko kulimuuma. Alikuwa mtu asiyeweza kuona punje za mahindi sakafuni bila kuinama.

Basi akaanza kugawa. Majirani walileta simu zao kuchajiwa, bure, akazipanga mezani kila moja na kikaratasi chenye namba yake. Siku nyingine zilifika kumi na nne. Televisheni iliwashwa saa nane mchana ikaongea yenyewe mpaka magharibi. Mkewe alipewa feni, ikampepea kuanzia mchana mpaka anapokwenda kulala, naye akasema kwa mara ya kwanza anaona faida ya kuolewa na mtu wa namba. Mtaani heshima ilipanda. Watu walimwamkia Karani wangali upande wa pili wa barabara.

Mke wa mwanawe aliishi nao. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia, na tangu aingie nyumba ile hakuwa ameomba kitu. Mwezi ule aliomba kimoja: plagi. Alikuwa amepata mashine ya kutotolesha vifaranga, sanduku la mbao lenye kidirisha cha kioo, kipashio cha joto ndani na kipimajoto kinachoning'inia. Akalijaza mayai arobaini na nane, aliyoyakusanya moja moja kutoka kwa matetea aliowachagua kwa macho yake. Alitaka banda lake mwenyewe. Alitaka kitu ambacho mtu akiuliza ni cha nani, aseme changu, na asilazimike kumtazama mtu mwingine kwanza.

"Umeme utatosha, baba?" alimuuliza Karani.

Karani alimfungulia daftari, akampitishia kidole kwenye safu nzima ya kumi na nne nukta nne. "Mwanangu," akamwambia, "ungekuwa na mayai ya mbuni ungeyaleta."

Asubuhi ya siku ya kumi na moja, mkamwana aliweka kiganja juu ya sanduku akakuta limepoa. Kwenye kontrola kulikuwa na taa nyekundu. Betri ilikuwa imeishiwa kabla ya kucha, na kontrola, kama ilivyotengenezwa, ilikuwa imekata umeme wa vyombo ili betri isife kabisa. Alijaza maji ya moto kwenye chupa, akazipanga pembeni ya mayai, akafunika sanduku kwa blanketi mpaka jua lilipopanda na taa ikarudi kijani. Kisha akajifungia chumbani na tochi, akamulika mayai moja baada ya jingine. Mishipa ilikuwepo bado, myembamba kama uzi mwekundu.

Kesho yake sanduku lilipoa tena.

Karani alikasirika kwa niaba ya daftari lake. Ikiwa mchana betri imejaa na alfajiri ni tupu, basi kuna mwizi. Aliufuata kila waya kutoka darini mpaka ukutani, akaenda mpaka nyuma ya nyumba kutazama kama kuna jirani aliyejiunganishia. Hakuona kitu ila mjusi. Ndipo akamwambia mkamwana, kwa upole, kwamba huenda ile mashine yake inakunywa kuliko inavyosema, na pengine ingefaa izimwe mara moja moja, ipumzike.

Mkamwana alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema dada yake anaishi penye umeme wa gridi, na kesho asubuhi angeyachukua mayai kumpelekea. Karani aliijua barabara hiyo. Ilikuwa saa mbili za mashimo, na gari lolote lililopita pale lilimfanya abiria ashike meno yake.

"Yatafika?" aliuliza.

"Baadhi," alisema. "Hapa vifaranga wakipata baridi ya tatu hakuna atakayebaki."

Hakusema kwa hasira, na hilo lilimkaa Karani rohoni vibaya zaidi. Akavuta kigoda, akakiweka mbele ya kontrola, akakaa. Aliamua siku ile hatasoma mara moja tu. Angesoma kutwa.

Asubuhi hiyo, jua lilipokuwa bado halijagusa bati, namba ilisema kumi na moja nukta tisa. Saa tatu ilikuwa kumi na mbili nukta nane. Saa tano, kumi na tatu nukta sita. Aliandika zote. Mkewe alipita na ndoo, akapita tena akirudi.

"Karani, ukiikodolea macho hivyo itaona haya."

Saa saba kamili, kama kawaida, kumi na nne nukta nne. Karani alitia saini, lakini safari hii hakuinuka. Saa nane televisheni ilikuwa inanguruma, feni inazunguka, simu kumi na moja ziko mezani, na namba haijatikisika. Ndipo wingu likapita.

Halikuwa wingu la mvua, ni wingu tu, la kutosha kuifanya sebule iwe na kiza kidogo. Namba ikashuka mbele ya macho yake. Kumi na tatu nukta saba. Kumi na tatu. Kumi na mbili nukta tano. Wingu likaondoka, na namba ikaanza kupanda tena taratibu, kana kwamba hakuna lililotokea.

Karani alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Gunia halipungui uzito kwa sababu kuna mtu amepita dirishani. Katika miaka yake ya ghala, namba ilipofanya hivyo kulikuwa na sababu moja tu: aliyeleta mzigo ameweka ncha ya kiatu kwenye sahani ya mizani, na ameuondoa mguu kuua mbu. Karani alikuwa na sifa ya kuwakamata watu hao. Hakupiga kelele, aliwatazama tu miguuni mpaka wakarudi nyuma. Na sasa alielewa kwamba kwa miezi minne jua lilikuwa limeweka mguu kwenye mizani yake kila siku saa saba mchana, naye akalitilia saini.

Alizima televisheni. Namba ikapanda kidogo. Akazima feni, ikapanda tena. Kumbe na hawa walikuwa wakiivuta kwa chini. Jua linasukuma, vyombo vinavuta, na betri yenyewe iko katikati, hakuna aliyewahi kuiuliza hali yake.

Alichukua kitabu cha maelekezo alichoachiwa na fundi, akafungua kurasa za mwisho, zile za maandishi madogo alizoziruka kwa kuwa hazikuwa na picha. Palikuwa na jedwali. Betri ipimwe ikiwa imepumzika, hakuna jua, hakuna chombo kinachotumia. Kumi na mbili nukta saba, imejaa. Kumi na mbili nukta mbili, nusu. Ikikaribia kumi na moja nukta nane, imekwisha. Kumi na nne nukta nne haikuwepo kabisa humo. Ilikuwa kwenye ukurasa mwingine, na maana yake ilikuwa moja tu: inachajiwa.

Jua lilipozama alimwendea mkamwana. Alimwomba nusu saa ya kuzima kila kitu, na mashine yake pia. Mkamwana akasema hata tetea huinuka akaenda kula, akaleta blanketi.

Walikaa sebuleni watatu na kandili moja, wakingojea betri itulie, mkewe Karani akijipepea kwa mfuniko wa sufuria. Nusu saa ilipotimia Karani alisogeza kandili karibu na kioo.

Kumi na mbili nukta mbili.

"Nusu," alisema. Akawaeleza yote, la mguu na la mizani, polepole, bila kujitetea. Kwamba kila siku betri ilikuwa inaingia jioni ikiwa nusu, kwa kuwa mchana yeye alikuwa anaigawa akidhani inamwagika.

Mkewe aliuweka chini mfuniko wa sufuria. "Kwa hiyo ulikuwa unamuuliza mtu kama ameshiba huku anatafuna."

"Ndiyo."

"Miezi minne."

"Na saini," alisema Karani. Kisha akamgeukia mkamwana. "Mwanangu, aliyeyapoza mayai yako si mashine. Ni mimi."

Mkamwana aliuliza lile lililokuwa na uzito kwake. "Nusu hii itafika asubuhi?"

Ulimi wa Karani ulikuwa umezoea kusema itatosha. Aliuzuia. Alisema hajui, ila wakiacha mashine peke yake, bila taa, bila feni, huenda. Mkamwana aliwasha mashine, akafunika ubavu wa sanduku kwa blanketi, akaenda kulala na kikapu cha safari kimeshatandikwa majani makavu mlangoni.

Asubuhi Karani alimkuta ameshatangulia, amesimama na kiganja juu ya sanduku. Taa ilikuwa kijani. Namba ilikuwa ya chini, ya kutia huruma, lakini mashine ilikuwa inawaka na kipimajoto hakikuwa kimeshuka. Mkamwana alikitoa kikapu mlangoni, akamwaga yale majani uani.

Iliyobaki ilikuwa kazi ya aibu. Simu zilianza kufika saa tatu, na Karani alizirudisha mlangoni moja moja. Fundi cherehani wa jirani, aliyekuwa na mbili, alitaka kujua imekuwaje betri iliyokuwa ikifurika jana ikauke leo. Karani angeweza kusema imeharibika, na angesadikiwa. Alisema haikuwahi kufurika, alikuwa anaisoma vibaya.

"Wewe? Karani?"

"Mimi mwenyewe. Njoo nikuonyeshe."

Fundi cherehani hakutaka kuonyeshwa, alitaka simu ijae. Aliondoka akitikisa kichwa, na kwa wiki nzima hakuna aliyemwamkia Karani kutoka ng'ambo ya barabara. Televisheni ilifunikwa kitambaa. Feni iliwekwa juu ya kabati, na mkewe akawa akiitazama kila anapopita, kama mtu anayemtazama ndugu aliyefungwa. Jioni ya kwanza namba ilikuwa kumi na mbili nukta nne. Ya tatu, nukta sita. Mashine haikupoa tena.

Siku ya ishirini na moja, kabla ya chai, sanduku lilianza kulia.

Mkamwana hakumruhusu mtu kufungua. Walitazama kwa zamu kupitia kidirishani, mkewe Karani akisukuma watu kwa kiwiko. Kufikia kesho yake asubuhi vifaranga thelathini na watatu walikuwa wamekauka na wanakanyagana. Mayai kumi na matano hayakupasuka. Karani aliyatazama hayo muda mrefu kuliko alivyowatazama vifaranga.

"Haya ni yangu," alisema.

"Baadhi hayaanguliwi hata chini ya kuku, baba."

"Mangapi?"

"Sijui."

"Basi hata mimi sijui," alisema, na akaacha hapo, ingawa ilimwasha.

Mkamwana aliwahamishia vifaranga kwenye boksi pana, akawawekea balbu ya kuwapasha. Alifuta mashine ndani kwa kitambaa, akaikausha, akaifunga. Halafu akaja kusimama mbele ya Karani, mikono yake imetulia kwa mara ya kwanza.

"Nikiweka mengine sitini, baba, na hii balbu ikiwaka, umeme utatosha?"

Ilikuwa saa saba mchana. Jua lilikuwa limesimama juu ya bati, na ukutani kontrola ilikuwa inaonyesha namba nzuri kweli kweli. Mkewe Karani, aliyekuwa akiipangusa feni vumbi, alisimamisha kitambaa asikie atakalojibu.

"Niulize kesho jioni, jua likishazama," alisema Karani. "Na keshokutwa uniulize tena."

Mkewe aliirudisha feni juu ya kabati.