Fremu Kubwa ya Gachau

Gachau alikuwa mtu mfupi, na pale Ngoingwa, mtaa wa Thika, kila mtu alilijua hilo isipokuwa baiskeli yake. Ilikuwa baiskeli ya mlimani, nyeusi, nzuri, yenye fremu ya mtu wa futi sita. Kila aliposimama njia panda alilazimika kulalia upande mmoja na kuitafuta lami kwa ncha ya kiatu. Mgongo ulimuuma mwaka mzima. Alipaka dawa ya misuli hadi duka lake la rangi likanuka kama zahanati.

Mkewe Shiko alimwuliza mara moja tu. "Baba Emmah, hiyo kitu uliinunua ama ulishikishwa na mwenyewe anakuja?"

Gachau alimjibu kwamba yeye Shiko hajui mambo ya baiskeli. Shiko akacheka, akarudi kuchambua maharagwe yake, na suala hilo likaishia hapo. Lakini chanzo chake Gachau alikijua vizuri. Chanzo kilikuwa mtu anayeitwa Muthoka.

Muthoka alikuwa mrefu na mkimya, mzaliwa wa upande wa Kilimambogo, na kazi yake ilikuwa kusambaza mikate katika maduka ya Kamenu kwa baiskeli kuukuu ya chuma, kreti zimepangwa nyuma hadi mabegani. Asubuhi moja Gachau alikuwa anapanda kilima na baiskeli yake ya zamani, kaptula ya kubana, helmeti, miwani, kila kitu, anahema. Akasikia mnyororo mkavu ukilia nyuma yake. Muthoka akampita na mikate yake yote. "Sasa, mkubwa," alimsalimia kwa upole, bila kuhema, na akaenda zake. Gachau alibaki na harufu ya mkate wa moto.

Siku hizo Gachau ndiye aliyekuwa wa kwanza katika kikundi cha Jumamosi, watu kumi na wawili hivi waliokuwa wakizunguka mashamba ya kahawa na mananasi kwa kujifurahisha. Hakuwa bingwa wa kitu chochote kingine maishani. Hakuwa mwenye duka kubwa, wala hakuchaguliwa mzee wa kanisa. Ila Jumamosi, juu ya kilima, alifika kwanza, akageuka, akawatazama wenzake wakija. Hicho ndicho kilichokuwa chake.

Kwa hiyo Muthoka alipokuja dukani, akavua kofia na kuuliza kama mtu wa mikate anaweza kuingia kikundi, Gachau alifurahi na kuogopa kwa wakati mmoja. Akamkubali. Akamfundisha, na alimfundisha kweli: ubadilishe gia kabla kilima hakijakushika, utazame unakotaka kwenda wala si jiwe unaloliogopa, ukishuka urudishe uzito nyuma. Muthoka alishika haraka. Akaanza kumwita mwalimu, mbele ya watu, na Gachau akalipenda jina hilo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Lakini nani humkumbuka mhenga akiwa anaitwa mwalimu?

Mambo yaliharibika Ruiru. Muthoka alikuwa amepata kiasi cha kununua baiskeli ya kweli, na akamwomba mwalimu wake aende akamchagulie. Walikwenda kwa Ajwang, muuza baiskeli za mitumba karibu na stesheni ya treni. Zilikuwepo mbili za aina moja, moja fremu kubwa, nyingine ndogo. Muthoka akapanda ile kubwa, akazunguka uwanja mara moja. Mgongo umenyooka, mguu unashuka hadi chini bila kupinda sana wala kujivuta. Ilimkaa kama shati lililokatwa na fundi aliyemjua tangu utoto.

Gachau akamwona. Huyu alinipita na kreti za mikate, aliwaza. Na kwa hii je? Nitakuwa naona vumbi lake tu hadi nife.

"Shuka," alisema. "Hiyo si saizi yako."

"Si saizi yangu?"

"Ya mlimani huchukuliwa ndogo. Ndogo inakata kona haraka. Hiyo kubwa itakutupa siku ya kwanza. Chukua hii."

Ajwang akafungua mdomo. Gachau akamkata jicho, akasema, "Na hii kubwa naichukua mimi." Mdomo wa Ajwang ukafungika. Mfanyabiashara anayeuza mbili kwa siku moja hatafuti maneno.

Muthoka aliitazama ile kubwa, akamtazama Gachau ambaye kichwa chake kilimfikia kifuani. "Na wewe je, haitakutupa?"

"Mimi nimezoea."

"Haya, mwalimu. Wewe ndio unajua. Asante sana."

Ndivyo Gachau alivyopata mgongo wa kuuma. Na kama wivu ungekuwa na akili, ungeridhika. Lakini Muthoka, magoti yakipanda hadi karibu na viwiko, amejikunja juu ya kibaiskeli kile, bado alimpita. Alimpita wiki ya pili. Alimpita kila Jumamosi baadaye, na kila mara akasimama juu kumngoja, na wenzao wakasema, "Mwalimu kafundisha huyu, kweli." Gachau alitabasamu hadi mashavu yakauma.

Kisha yakaja mashindano ya siku tatu: siku ya kwanza mashamba ya kahawa ya Ruiru, ya pili kutoka Thika hadi miguuni mwa Kilimambogo, ya tatu kurudi Thika. Watu walikimbia wawili wawili. Katika kila kituo mwenzako hakutakiwa kuachwa zaidi ya dakika mbili, la sivyo mnaongezewa muda wote wawili. Muthoka akasimama mbele ya kikundi kizima, akasema, "Mimi nataka kwenda na mwalimu." Watu wakapiga makofi. Gachau angekataa vipi?

Siku ya kwanza alisubiriwa. Kushindwa ni jambo moja, mtu hushindwa akasahau. Kusubiriwa ni jingine. Kila akitokeza kwenye kona, ile sura ndefu ilikuwa pale kituoni, mguu chini, chupa ya maji mkononi tayari kumpa. "Pole pole, mwalimu, tuko sawa." Gachau alichukua maji akanywa, na alimchukia mtu yule kwa kila tone. Alijua hana sababu. Wivu haungoji sababu.

Siku ya pili, baada ya mashamba ya mananasi, njia ikaanza kupanda kwenye mawe. Gachau akashangaa kuona mgongo wa Muthoka unakaribia. Akamfikia. Muthoka alikuwa amekunja uso, anakanyaga zaidi kwa mguu mmoja kuliko mwingine.

"Goti," alisema. "Linawaka tangu jana. Nenda tu, nakuja."

Gachau alijua goti lile limetoka wapi. Goti lililopindwa mwaka mzima juu ya fremu ya mtu mfupi, litaacha kuuma? Na bado furaha ilimpanda, hata akaionea haya, lakini hakuisukuma. Alikwenda. Alifika kituoni wa kwanza. Akageuka, akasimama kwa ncha ya kiatu, akatazama barabara kama alivyokuwa akiitazama zamani, na watu wakampigia makofi. Hayo yalikuwa matamu, wacha tuseme kweli.

Muthoka alifika akisukuma baiskeli kwa mkono, goti limefura. Fundi wa kituo, Mbula, mwanamke mwenye mikono ya grisi, alimkalisha juu ya tairi, akalitazama goti, kisha akaitazama baiskeli.

"Hii kitu ulichaguliwa na nani?"

"Na mwalimu wangu," alisema Muthoka. Akanyoosha kidole, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejivunia. "Yule pale."

Mbula akageuza kichwa. Akamwona Gachau amening'inia juu ya fremu kubwa, mguu mmoja ukitafuta ardhi. Akamtazama Muthoka tena. Hakuwa na ubaya wowote moyoni. Alikuwa fundi tu.

"Kwani nyinyi mlibadilishana baiskeli njiani?"

Gachau akajifanya anakagua breki.

"Basi badilishaneni. Sheria inaruhusu watu wa timu moja kusaidiana na chochote. Leta hapa." Mbula akachukua spana, akapandisha kiti kimoja na kushusha kingine, kazi ya muda mfupi sana. "Haya. Panda."

Muthoka akapanda ile kubwa. Akazunguka mara moja pale kituoni, mgongo umenyooka, mguu unashuka hadi chini. Gachau aliona uso wake ukibadilika. Hakukasirika. Alikuwa anakumbuka uwanja wa Ajwang kule Ruiru. Akamaliza mzunguko, akamtazama mwalimu wake kidogo, akaondoka.

Gachau akapanda ile ndogo. Nyayo zake zote mbili zikalala chini. Kabla hajamaliza kilomita moja mgongo uliacha kuuma, na akajua kwamba alikuwa amejinyima baiskeli yake mwenyewe mwaka mzima ili mwingine asipate ya kwake. Mchimba kisima huingia mwenyewe, naye alikuwa amekaa ndani akipaka dawa ya misuli. Alikimbia siku hiyo kuliko alivyowahi kukimbia, na hakuonja furaha yake hata kidogo. Katika kila kituo Muthoka alikuwepo, anangoja kama sheria ilivyotaka. Lakini chupa ya maji haikuwa tena mkononi mwake; ilibaki kwenye baiskeli.

Miguuni mwa Kilimambogo, kwenye mstari wa kumalizia, mama yake Muthoka alikuwa amekuja na sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe, imefungwa kwa leso. Mama huyo, Mama Nzilani, alimshika Gachau mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu amenisimulia mpaka nimechoka. Ndiye wewe mwalimu?"

Muthoka alikuwa amesimama karibu. Alimtazama Gachau, akangoja, na safari hii hakuwa akingoja baiskeli; alikuwa akingoja neno.

"Ndiye mimi, mama," alisema Gachau.

Muthoka akainamisha kichwa. Gachau akapewa sahani ya kwanza, iliyojaa, na akala yote kwa sababu mama alikuwa anamtazama.

Siku ya tatu walirudi Thika hivyo hivyo, mrefu kwa kubwa, mfupi kwa ndogo, wakamaliza wa nne kati ya timu arobaini, hata na muda walioongezewa kwa kuachana siku ya pili. Kikundi kizima kiliwapokea. Watu walipotawanyika, Gachau alimkuta Muthoka kando ya bomba la maji. Alikuwa ameiosha ile fremu kubwa hadi ikang'aa, na sasa anashusha kiti, polepole, hadi kwenye alama ya zamani ya Gachau.

"Wacha," alisema Gachau. "Kaa nayo. Ni saizi yako."

"Najua ni saizi yangu. Niliijua siku ile kwa Ajwang, nilipoikalia. Mwili uliniambia. Wewe ukaniambia vingine, nikakuamini wewe."

"Nilikuonea wivu, Muthoka." Neno lilitoka lenyewe, na halikumpunguzia kitu.

"Jana mbele ya mama ningetaka kulisikia." Muthoka akakaza kiti, akamsukumia baiskeli yake. Akachukua ile ndogo. "Hii niliinunua kwa pesa ya mikate yangu. Asante, Gachau."

Mwaka mzima na zaidi hakuwa amewahi kumtaja kwa jina.

Jumamosi iliyofuata kikundi kilikutana Kamenu kama kawaida. Mbula alikuwa amekuja, mara yake ya kwanza, na alikuwa amemwekea Muthoka nguzo ndefu ya kiti ili goti lipate nafasi. Wakapanda pamoja kuelekea kilimani, Gachau nyuma yao kidogo, mgongo umeshaanza kuuma. Kabla ya mteremko wa mawe Muthoka akapunguza mwendo.

"Mwalimu, hapa nishike gia gani?"

Gachau alikuwa na jibu tayari. Alilifundisha mwenyewe, mahali pale pale. Akanyanyua kichwa. Muthoka alikuwa amemgeukia Mbula, na Mbula alikuwa ameshaanza kumweleza. Gachau akafunga mdomo, akashika breki, na akaitafuta ardhi kwa ncha ya kiatu.