Asiyeelewa Anyooshe Mkono

Ujumbe ule niliuandika mimi. Ulikwenda kwenye simu za watu mia moja na arobaini, wote wenye kompyuta tulizozikarabati na kuzigawa kwenye ofisi ndogo za Kibaha na Kisarawe: shule, zahanati, ofisi za vijiji, makanisa, misikiti. Ulisema hivi: "Mfumo mpya wa kompyuta yako uko tayari. Bonyeza kitufe, kunywa chai, ukirudi utakuta kila kitu kimekamilika."

Hapo kwenye chai nilijivunia sana. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, nikakaa nyumbani miezi minane, na hii ndiyo kazi yangu ya kwanza, mwezi wa tatu wa majaribio, kwenye kampuni yenye vyumba viwili hapa Maili Moja, Kibaha. Niliamini, na bado naamini, kwamba kompyuta moja kwenye ofisi moja ya kijijini inaweza kumpunguzia mtu safari ya siku nzima.

Alhamisi, saa nne asubuhi, simu ya msaada iliita. Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima, nikaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Unaitwa nani?"

"Sijambo. Naitwa Calist."

"Mimi Mwalimu Flora, mwalimu mstaafu. Nipo Maneromango, ofisi ya kanisa. Mlituambia tunywe chai."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi nimekunywa. Vikombe viwili. Kompyuta haiwaki."

Nilimwomba anieleze. Jana alasiri alibonyeza kitufe kama nilivyoelekeza, na kazi ilipofika katikati umeme ukakatika. Betri ile ni ya zamani, haikumaliza hata dakika kumi. Umeme uliporudi, kioo kikawa kinaonyesha alama ya kampuni, vidoti vinazunguka, kinazima, kinaanza tena. Kimefanya hivyo tangu jana.

Masikio yaliniwaka moto. Kwenye ujumbe wangu niliandika chai, sikuandika umeme.

Nilifungua karatasi yetu ya maelekezo, nikaanza hatua ya kwanza. Chomoa flashi na kila kilichochomekwa isipokuwa chaja. "Tayari, mwanangu." Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime kabisa. "Tayari." Washa, kisha ukiona vidoti zima tena. "Nimezima." Rudia mara tatu. "Nimerudia." Unaona kioo cha buluu chenye maandishi? "Sikioni, mwanangu. Naona vidoti." Tukajaribu njia nyingine, ya kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. "Nimebonyeza." Kuna kilichobadilika? "Hakuna, baba. Vidoti vilevile."

Nyuma yake nilisikia sauti ya bibi mwingine ikisema, "Muulize kama anajua anachokifanya."

"Nyamaza, Lidia, kijana anafanya kazi."

Dada Nuria, msimamizi wangu, alikuja akasimama pembeni ya meza. Si mtu mkali, ila siku hiyo watu wengi waliokunywa chai walikuwa wanapiga.

"Karatasi imeisha?" aliuliza.

"Imeisha. Amefanya hatua zote. Haikubali."

"Basi irudishwe ilivyotoka kiwandani. Afute kila kitu, aanze upya. Kuna wanne wanasubiri."

Nilirudi kwenye simu. "Mwalimu, imebaki njia moja. Lakini itafuta vyote vilivyomo. Kuna kitu cha muhimu humo ndani?"

Nilisikia akivuta kiti na kukaa.

"Kuna vitabu vya ubatizo," alisema.

Alinieleza bila haraka. Kanisa lao ni la zamani, tangu enzi za misheni, na kila mtoto aliyebatizwa aliandikwa kitabuni: jina, wazazi, siku aliyozaliwa. Wazee wengi wa kule hawana karatasi nyingine yoyote inayosema walizaliwa lini. Mwalimu Flora alitumia miaka miwili kuvinakili vitabu vile kwenye kompyuta, mstari kwa mstari, kwa vidole viwili. Mvua za masika mwaka huu zilipasua paa la ofisi. Vitabu vitatu vya mwanzo vililowa vikawa kama uji.

"Kwa hiyo vilivyobaki ni hivyo vilivyomo humu," alisema. "Na kesho wanakuja watu wa usajili wa vyeti vya kuzaliwa, hapa kwetu, siku moja tu. Wazee sitini na wawili wamejiandikisha. Wanataka kila mmoja aje na karatasi ya kanisa yenye tarehe yake. Nilikuwa nizichape leo."

"Hukuweka nakala mahali pengine? Kwenye flashi?"

"Hakuna aliyeniambia."

Ni kweli. Hatukumwambia.

"Mwanangu," aliendelea, kwa upole ulioniumiza kuliko kama angenifokea, "kama hakuna njia, futa tu. Usije ukagombezwa kwa ajili yangu. Nitawaeleza wazee."

Sikuweza. Nilivuta faili la karatasi nyingine, nikaanza kupekua. Nikaona hatua ambayo sikuwa nimeijaribu: geuza kompyuta, sogeza vishikizo viwili, toa betri, subiri dakika mbili, irudishe. Nikamsomea vilevile ilivyoandikwa.

Nilisikia kitu kikisogezwa mezani.

"Haya," alisema Mwalimu Flora. "Nimeshaitoa betri."

"Vizuri sana. Tusubiri dakika mbili."

Katika dakika hizo mbili niliangalia rekodi ya kompyuta yake. Nikaangalia tena karatasi niliyoshika. Karatasi ilikuwa ya aina nyingine kabisa ya kompyuta. Ya Mwalimu Flora haina vishikizo. Betri yake imefungwa ndani, chini ya skrubu tisa, na kuitoa unahitaji bisibisi ndogo ambayo hata sisi ofisini tunayo moja tu.

Ningeweza kumuuliza, "Mwalimu, umeitoaje?" Lakini niliwaza namna ambavyo angejisikia, mtu wa umri wake, kunaswa na mtoto mbele ya wenzake. Na aliyekosea kwanza nilikuwa mimi.

"Mwalimu Flora, naomba radhi," nilisema. "Nimekusomea karatasi isiyo yako. Kompyuta yako haitolewi betri kwa namna hiyo. Na ule ujumbe wa chai niliuandika mimi mwenyewe, nikasahau kuwaambia watu waangalie umeme kwanza. Makosa yote mawili ni yangu."

Alishusha pumzi ndefu.

"Calist."

"Naam, Mwalimu."

"Sijatoa betri."

"Najua."

"Na kile kitufe sikukishikilia. Na vile viwili sikuvibonyeza. Nimechomoa flashi tu. Hiyo niliijua."

Bibi Lidia alisikika waziwazi: "Ee Mungu wangu! Na sisi tumekaa hapa tangu asubuhi tunaangalia!"

"Niliogopa," alisema Mwalimu Flora, safari hii kwa sauti ndogo. "Ile apdeti niliibonyeza kwa kidole changu, mambo yakaharibika. Kila ukisema bonyeza, kidole kinasimama hewani. Halafu naona wewe una watu wengi, sauti yako ina haraka. Nikaona bora nikubali tu, usije ukadhani nakupotezea muda. Miaka thelathini na minne nimesimama darasani nasema asiyeelewa anyooshe mkono. Na wao wakinitazama, 'Ndiyo, Mwalimu.' Nilikuwa nakasirika! Kumbe."

Nilijikuta nacheka, naye akacheka.

"Basi tuanze upya," nilisema. "Ukiona hujaelewa, nyoosha mkono."

"Nimenyoosha."

"Kweli kanyoosha!" alipaza sauti Bibi Lidia. "Silvanus, mtazame Mwalimu!"

Ndivyo nilivyojua kwamba kuna mtu wa tatu mle ofisini. Alikuwa Mzee Silvanus, jirani, amekaa kwenye benchi kusubiri karatasi yake.

Nilimgeukia Dada Nuria, nikamweleza kwa maneno machache: karatasi haijaisha, bado hatujaianza. Alinitazama, akatazama saa ya ukutani, kisha akavuta kiti kwenye simu ya pili. "Hao wanne nitawachukua mimi," alisema. "Ila kwenye ripoti uandike ukweli, pamoja na huo wa chai."

Tulianza tena, na sasa tulikwenda kwa mwendo wa Mwalimu Flora. Sikumwambia bonyeza. Nilimwambia kwanza nisomee unachokiona. Kisha nilimweleza kitakachotokea akibonyeza, na kwamba katika hatua hii hakuna kinachoweza kufutika. Ndipo nikasema, "Weka kidole kwenye kitufe cha kuwashia. Ukibane mpaka tuhesabu kumi."

Walihesabu wote watatu. Mzee Silvanus alifika kumi wakati wenzake wako saba.

"Umekimbilia wapi?" Bibi Lidia alimuuliza.

Mara ya kwanza, vidoti. Mara ya pili, vidoti. Mara ya tatu Mwalimu Flora alisema kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto, "Imekuwa ya buluu."

Nilipiga meza kwa furaha hata Dada Nuria akageuka.

Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo tulitumia herufi za mwanzo. Shuka kwa mshale mpaka neno refu linaloanza na T. Ingia. "Sasa sikiliza vizuri, Mwalimu. Utaona mistari miwili au zaidi. Upo unaoanza na R. Huo ndio unaofuta. Usiuguse."

"Nimeuona. Nimeuwekea kiganja."

"Shuka kwenye unaoanza na A. Umefika?"

"Nimenyoosha mkono."

"Sema, Mwalimu."

"Nikibonyeza hapa, vitabu vinabaki?"

Sikutaka kumdanganya. "Njia hii inaondoa ule mfumo mpya tu na kurudisha wa zamani. Vitabu haivigusi. Lakini umeme ulikatika katikati, kwa hiyo sijui kama kazi yote itakubali. Nikikuambia nina hakika, nitakuwa nimesema kama ulivyosema wewe kuhusu betri."

Alicheka kidogo. Nikasikia kitufe kikibonyezwa. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza asubuhi nzima kukisikia.

Kompyuta ilisema subiri. Tulisubiri. Sikukata simu. Walianza kuzungumza wenyewe, na mimi nikasikiliza.

Bibi Lidia na Mzee Silvanus wana ugomvi wa tangu utotoni. Walikulia ua mmoja, na kila mmoja anadai ndiye mkubwa. Kwa hiyo tangu wapate akili hakuna aliyewahi kumwamkia mwenzake. Wakikutana njiani, mmoja anasema "Umeamkaje," mwingine anajibu "Salama," basi, wanapita.

"Mimi nilikuwa nimeshaanza kuchota maji, huyu anatambaa," alisema Bibi Lidia.

"Uliyemwona anatambaa ni mdogo wangu," alijibu Mzee Silvanus taratibu.

"Kesho kwa watu wa usajili utasema umezaliwa lini?"

"Nitasema kilichoandikwa."

"Na kama hakipo?"

Huku Kibaha, mimi nilitazama chini.

Ilipita nusu saa na zaidi. Kompyuta ilizima, ikawaka, ikazima. Mwalimu Flora alikuwa ananiambia kila kitu, hata asichoulizwa. Vidoti. Giza. Alama ya kampuni. Vidoti tena. Saa sita na dakika kumi hivi alisema, "Calist, naona picha ya madhabahu yetu."

"Ndiyo uliyoiweka kwenye kioo?"

"Ndiyo hiyo."

"Fungua faili, Mwalimu."

Nikasikia mlio mdogo wa kubonyeza mara mbili. Kisha Mwalimu Flora akaanza kusoma, kwa sauti ya darasani, kama anayeita mahudhurio: jina, baba, mama, tarehe. Jina, baba, mama, tarehe. Alisoma kama kumi, kisha akaruka mpaka mwisho wa faili.

"Vipo vyote," alisema.

Sikumruhusu afanye lingine lolote kabla ya nakala. Tulichomeka flashi, tukanakili, tukaifungua kuhakikisha, kisha nikamfundisha kuituma nakala nyingine kwetu kwa barua pepe. Alinyoosha mkono mara nne. Nilipoiona imefika kwenye kioo changu ndipo nilipoegemea kiti.

"Sasa nitafutie mstari wangu," alisema Bibi Lidia. "Soma kwa nguvu, Silvanus asikie."

Mwalimu Flora alitafuta. "Lidia. Amezaliwa tarehe kumi na tisa Agosti, elfu moja mia tisa arobaini na nane."

"Umesikia? Arobaini na nane!"

"Silvanus," aliendelea Mwalimu Flora, na nikajua kwa jinsi alivyovuta jina hilo kwamba ameshaona. "Tarehe mbili Machi. Mwaka huohuo."

Nilisikia jogoo akiwika mahali fulani nje ya ofisi ile. Nilisikia benchi likilia, kama mtu ameinuka.

"Shikamoo, Silvanus," alisema Bibi Lidia.

Mzee Silvanus alijikohoza. "Marahaba," alisema. Kisha akaongeza, "Rudia. Yule kijana wa Kibaha hakusikia."

"Nimesikia, babu!" nilipaza sauti, na wote wakaangua kicheko, Bibi Lidia akicheka kuliko wote.

Mchana ule niliandika ripoti, nikaandika ukweli. Halafu nikaandika ujumbe mpya kwa watu mia moja na arobaini, mrefu kuliko wa kwanza. Ulisema wahifadhi nakala kwanza, waangalie umeme na chaja, wasiogope kutupigia. Dada Nuria alitaka nifute mstari wa mwisho, akausoma tena, akauacha: "Ukiona hatujaeleweka, tuambie hatujaeleweka. Hatuna haraka."

Kesho yake alasiri Mwalimu Flora alinitumia ujumbe kwenye simu. Karatasi zote sitini na mbili zimetoka, wino umeishia kwenye ya mwisho, jina linasomeka kwa shida lakini tarehe inaonekana vizuri. Watu wa usajili wamezipokea. Na asubuhi, kwenye foleni, Bibi Lidia amemwamkia tena mwenzake bila kuambiwa.