Upande Aliouacha

Mume wangu alikuwa kinyozi kabla hajaanguka ngazini na kujipigiza kichwa. Aliporudi kutoka hospitali hakutaka kusikia habari ya kazi nyingine. Kaka yangu, mwenzake katika saluni, alimwambia kwamba siku atakayomnyoa yeye kichwa kizima, kiti chake atarudishiwa. La sivyo atatafutwa mtu mwingine, maana wateja walishaanza kuhama.

Alimnyoa siku hiyohiyo. Alifanya kazi kwa maringo kama zamani, akampangusa shingo, akakung'uta kitambaa. Upande wa kulia uling'aa. Wa kushoto hakuugusa.

"Shemeji, hizi za huku umeniachia za mbegu?" kaka aliuliza.

Mume wangu alitazama kwenye kioo, akasema kazi imekwisha. Tulipobisha, alisema tumekula njama, akatoka kwa hasira na kujigonga bega la kushoto mlangoni.

Macho yake yalikuwa mazima. Daktari wa mazoezi alitueleza kwamba ubongo ulioumia ulikuwa umeacha kuujali upande wa kushoto, na kwamba sehemu zake nyingine zingeweza kujifunza kazi hiyo, ila kwa kurudia na kurudia, tena afanye mwenyewe. Akamwagiza aweke mkono wa kushoto begani kwa mteja, aupandishe huku akiufuata kwa macho hadi sikioni, ndipo aanze kunyoa.

Aliyachukia maagizo yale. Aliuliza ni kinyozi gani anamshika mtu bega kama askari aliyekamata mwizi. Tulifanya mazoezi jikoni, kwenye kichwa changu, mashine ikiwa imezimwa, mimi nikirudia "kushoto, kushoto" mpaka neno lenyewe likanichosha. Leo atafika sikioni, kesho ataishia kisogoni na kuapa kwamba amemaliza. Nikimsahihisha, ananuna. Akanibandika jina la Trafiki.

"Unaniongoza kama gari bovu," aliniambia siku moja, akaitupa mashine kwenye beseni la vyombo.

Kaka alipokubali kukaa tena kitini, niliamriwa nisubiri nje. Nilikaa kwenye benchi. Mashine ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena. Nilimsikia mume wangu akilaani kwa sauti ya chini. Kaka alitoka amenyolewa pande zote, isipokuwa kishungi nyuma ya sikio la kushoto. Alijipapasa pale, akasema imetosha, kesho shemeji aje kazini.

Mume wangu alinitazama usoni.

"Trafiki, mbona kimya?"

Nilikuwa nimeuma ulimi. Alingoja niseme, akaona sisemi, akasonya. Akamshika kaka bega kwa mkono wa kushoto, akaupandisha polepole kama anayetafuta swichi gizani, mpaka vidole vikagusa zile nywele.

"Imetosha nini?" alimwambia. "Umenionea huruma wewe. Rudi ukae."

Kaka akarudi akakaa.

Alifanya kazi kwenye kiti kile hadi homa ilipomchukua. Waliokuja msibani walisema alikuwa amepona kabisa. Mimi najua kila kichwa alikitafuta upya, na akichoka, upande wa kushoto ulimponyoka, akarudi nyumbani hasemi na mtu. Wateja wengi wa zamani hawakurudi. Waliobaki walizoea kushikwa bega.