Kesi ya Mwanamke Aliyerudi Majini

Ifahamike kwa wote, walio hai na wanaosinzia ibadani, kwamba Jumapili ile, baada ya maharage, Mahakama Kuu ya Kambani, pale nyuma ya bweni letu penye kamba za kuanikia nguo, ilikaa kumhukumu mwanamke mmoja kwa kosa la kukosa akili hadharani. Jaji Mkuu, Bartholomeo, aliingia kwa heshima zote. Alikuwa amejitanda shuka jeupe, si kwa ajili ya cheo, bali kwa sababu kaptula yake ya pekee ilikuwa ikichuruzika maji kwenye kamba nyuma yake. Mshauri wa mahakama, Andendekisye, alikuwa anatafuna muwa. Mwendesha mashtaka nilikuwa mimi, Timotheo, mtu wa Iringa mjini, niliyekuwa nimetoka kufyeka nyasi za uwanja mzima kwa kosa la kumfungia mbuzi ofisini mwa mwalimu wa zamu.

Mshtakiwa hakuwepo. Yeye alikuwa anaishi ndani ya hadithi.

Hadithi ilikuwa ya Malimi, kijana mrefu, mzito wa maneno, aliyetoka Usangu, ambako watu wake walihamia na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Alikuwa na mchezo tuliouita Njia Panda. Alichora barabara mchangani kwa kijiti, akaweka kizibo cha soda, na kizibo hicho ndicho kilikuwa mwanamke. Mwanamke anahama na jamaa zake, mvua zimeharibu makazi, naye anataka kufika Mbalizi kwa dada yake. Kila penye njia panda Malimi alinyamaza, nasi tukachagua: auze ndama au asiuze? Apite kwa wavuvi au akatize mbugani? Tulivyochagua ndivyo hadithi ilivyokwenda. Lakini mwisho ulikuwa mmoja. Mwanamke anavuka mto uliofurika, anafika ng'ambo salama, mbele yake hakuna kitu ila njia kavu ya kwenda Uyole. Hapo anageuka. Anasema, "Narudi kwa nyanda." Anaingia majini, na Malimi anakilaza kizibo kifudifudi.

Sheria ya mchezo ilikuwa kwamba msimulizi haulizwi sababu. Ila wachezaji wote wakikubaliana kuwa mwisho hauna maana, lazima aufute na kutunga mwingine. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Nilitaka mwanamke yule, walau mara moja, afike Mbalizi.

"Waheshimiwa," nilianza, nikipanda juu ya karai la kufulia, "mwanamke huyu ameponyoka kinywani mwa mauti. Kisha anarudi kuangalia kama mauti yana meno. Je, hiyo ni akili?"

"Labda alisahau chungu," alisema Andendekisye. "Mama yangu angerudi. Kwa chungu chake kile cha pombe? Angerudi mara mbili."

"Mshauri ateme muwa kabla ya kushauri," alisema Jaji.

"Amesema mwenyewe sababu. Anarudi kwa nyanda. Amekumbuka kwao, basi. Kule uwandani," alijibu Andendekisye.

"Kwao kumejaa maji!" nikasema. "Mtu anakumbuka kwao kukiwa na majani, siyo kukiwa na mamba!"

Walicheka. Malimi hakucheka. Alikuwa amechutama kando ya barabara yake ya mchanga, anakizungusha kizibo kwa kidole kana kwamba kinamuwasha.

Niliendelea kuchekesha, kwa maana hiyo ndiyo kazi niliyozoeleka nayo, na mtu anayechekesha hatazamwi usoni, hutazamwa mikono. Majuma mengi nilikuwa nimejaribu kila njia ya mchezo ule. Nilichagua njia ndefu ili mto upungue, mvua zikazidi. Nilimpa mtumbwi, akavuka bila kulowa unyayo, akageuka vilevile. Nikamfanya auze ng'ombe wote ili asiwe na cha kurudia, akageuka. Nilikuwa kama mtu anayehamisha kisu mkono hadi mkono, akitumaini mkono wa pili hautakatika.

"Nakubali," alisema Jaji hatimaye, akilivuta shuka lake lililotaka kumwaibisha. "Mwisho huu ni wa kijinga. Kura yangu hiyo."

"Na yangu," alisema Andendekisye. "Maskini mama wa watu. Apelekwe Mbalizi akauze vitunguu."

Nikamgeukia Malimi. "Umesikia, bwana. Futa."

Malimi aliinua macho. "Nikifuta, hatakuwa yeye. Mimi nimesimuliwa hivyo na wazee kambini. Hata wao walimlaumu, lakini walimwacha arudi."

"Arudi kufuata nini?" Sauti yangu ilipanda, nami sikuweza kuishusha. "Kuna aliyemwita? Nyanda hakumwita! Nyanda alikuwa hajui lolote!"

Bartholomeo alipasuka kwa kicheko. "Jamani, mwendesha mashtaka wetu! Nyanda *hazikumwita*. Nyanda *zilikuwa hazijui*. Uwanda, nyanda. Mwalimu akusikie, utafyeka mpaka Ruaha Mbuyuni!"

"Mwacheni," alisema Malimi. "Hajakosea."

Malimi alisimama taratibu, akajifuta mchanga magotini. Alinitazama usoni, siyo mikononi.

"Kwetu sisi Wasukuma, nyanda ni mtoto wa kiume," alisema. "Mama akisema anarudi kwa nyanda, anarudi kwa mwanawe. Hapa shuleni hakuna aliyewahi kulijua hilo, na mimi sikumwambia mtu. Wewe mtu wa Iringa mjini, umelijulia wapi?"

Nilikuwa na majibu. Sijawahi kukosa majibu. Niliwahi kumweleza mwalimu kwamba mbuzi alikuja mwenyewe kuomba ruhusa. Safari hii nilisema kweli.

"Iringa nililetwa," nikasema. "Mama Severina alinichukua, akanibatiza jina hili. Kabla ya hapo nilikuwa Usangu."

Andendekisye alishusha muwa.

"Kwa hiyo alirudi akakutoa?" aliuliza Bartholomeo, kwa sauti ndogo isiyokuwa ya jaji. "Ulikuwa umebaki kule ng'ambo?"

Hilo ndilo swali ambalo sikutaka mtu yeyote duniani aniulize. Ndiyo maana nilitaka tu afike Mbalizi.

"Sikubaki," nikasema. "Nilikuwa nimeshavuka. Mjomba alinilaza mkokotenini chini ya ngozi za ng'ombe, nisilowe. Mama hakujua, na Mjomba alikuwa ametangulia na ng'ombe. Alipofika alinitafuta kati ya watoto, akaanza kuita. Nyanda! Nyanda! Nilimsikia."

Nilishuka kwenye karai.

"Nilidhani ananiamsha," nikasema. "Palikuwa na joto pale chini. Nikajifunika vizuri zaidi."