Kuhani Ukutani

Favish Lurie hakuwahesabu watu kwa namba. Mtu si kondoo, ndivyo walivyofundishwa, kwa hiyo kabla ya kila sala alisoma mstari wa zaburi wenye maneno kumi, neno moja kwa kila kichwa, huku macho yake yakitembea benchi kwa benchi. Ijumaa ile asubuhi vichwa viliisha kwenye neno la tisa. Akarudia. Vikaisha palepale.

"Hata ukiuimba, Favish, hautatuzalia mtu," alisema Shaya Birnboim, muuza viatu.

Hakuna aliyecheka. Zelik Kahanovitz aliitazama nafasi iliyokuwa wazi kando yake. Kwa miaka thelathini na moja ilikuwa ya Yudl Segal. Mji wa Vaalkrans ulikuwa umebakiwa na wanaume Wayahudi kumi, kumi kamili, ndani ya sinagogi lililojengwa kutosha watu mia mbili. Mmoja akishikwa na mafua, sala zinazotaka watu kumi zilirukwa, na wengine walirudi makwao kama watu walioondolewa mezani kabla hawajashiba. Sasa Yudl alikuwa amefariki jana yake alfajiri. Mwanawe Ruven, aliyefika kutoka Johannesburg, alikuwa amekaa nje kwenye ngazi. Mwenye maiti isiyozikwa haswali, wala hahesabiwi.

Zelik alikuwa kuhani. Ukuhani hausomewi, aliurithi kwa baba yake, kama alivyorithi miguu mifupi. Yudl alikuwa Mlawi, na siku za sikukuu kazi ya Mlawi ni kummwagia kuhani maji mikononi kabla hajapanda jukwaani kuwabariki watu. Miaka yote ile, katika chumba kidogo cha nyuma, Yudl alimwaga maji huku akimchokoza: "Sugua, bwana, sugua! Mungu atatubariki kwa mikono hii? Ulikuwa unafungua injini ya trekta?" Kisha Zelik alipanda, akajifunika shali kichwani, akanyoosha mikono. Watu wote waliinamisha macho, maana kuhani hatazamwi anapobariki. Chini ya ile shali alikuwa peke yake kabisa, ila alijua kuna mtu mmoja pale chini anabana kicheko.

Na kuhani hakaribii maiti wala haingii makaburini, isipokuwa siku ya kumzika mkewe au mtu wa damu yake. Tangu Jumatano Zelik hakuwa amemwona rafiki yake. Wenzake walimwosha na kumvika sanda. Yeye alisimama ng'ambo ya barabara akitazama dirisha lililofungwa pazia.

Mazishi yalipangwa mchana, yaishe kabla Sabato haijaingia. Kaburi likishafukiwa, Ruven angeanza kuhesabiwa, na yeye ndiye angesema Kadishi, sala ya mfiwa, ambayo bila watu kumi haisemwi. Wanane wa mjini, pamoja na Ruven, ni tisa. Zelik asingeweza kuingia makaburini. Wa kumi angekuwa Bwana Grinblat kutoka mji wa pili, aliyeahidi kwa simu kwamba ataendesha gari hata kama gurudumu moja litadondoka.

Saa nane mchana Zelik alikuwa amesimama nje ya geti la makaburi, kofia mkononi, jeneza likipita mbele yake. Alirudi nyuma hatua kadhaa, kama sheria inavyotaka. Akasikia sauti ya magurudumu ya kitoroli ikififia kwenye kokoto. Watu waliomfuata Yudl walikuwa hawamwangalii yeye.

Nusu saa baadaye gari la Shaya lilifunga breki getini. Shaya alikuwa amebaki dukani kusubiri simu.

"Grinblat haji," alisema. "Mto umefurika, maji yako juu ya daraja. Anasema ameona ng'ombe mzima anapita."

Favish na Ruven walikuwa wamekuja getini kumpokea mgeni. Ruven alikuwa na udongo hadi kwenye magoti.

"Tumeshafukia," Ruven alisema. "Nisubiri nini sasa?"

"Hatutimii kumi, mwanangu," alisema Favish taratibu.

"Bwana Lurie, baba yangu alikuja kuwatimiza ninyi kila Sabato. Alikuja na homa. Alikuja mguu ukiwa kwenye plasta! Leo ni zamu yake mnaniambia hamtoshi?"



"Naingia," alisema Zelik.

Alishaweka mkono kwenye chuma cha geti. Favish akasimama mbele yake.

"Utie mguu humu nikutoe kwa koleo."

"Ni Yudl huyo, Favish!"

"Unadhani mimi nimemzika nani? Yudl mwenyewe angefufuka akutoe kwa masikio. Ulishaingia mara moja, siku ya Hinda, kwa sababu alikuwa mkeo. Huyu hakuwa mkeo."

"Kwa jinsi walivyokuwa wanagombana, alikaribia kuwa," alinong'ona Shaya.

Zelik alitaka kumpiga na alitaka kumkumbatia. Alibaki ameshika chuma. Siku ya Hinda, miaka kumi na moja iliyopita, ni Yudl aliyemshika mkono kuingia na kutoka. Tangu hapo hakurudi tena. Hata jiwe la kaburi la mkewe liliposimamishwa, yeye aliyechagua maneno alikuwa nyumbani, na Yudl akaja jioni kumwambia kwamba ni zuri.

Favish alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza. Mara akafumbua.

"Uso," alisema.

"Uso gani?"

"Mtu akiwa nje ya sinagogi, nyuma ya ukuta, akatoa uso wake dirishani wakamwona, huyo ni mmoja wa wale kumi. Imeandikwa. Yudl yuko kule juu ya mteremko, hatua chache tu kutoka ukutani. Zunguka kwa nje, Zelik. Tuonyeshe uso."

"Huo ukuta unanizidi kimo."

"Basi ukue! Jua haliwezi kutungoja."

Zelik alizunguka mbio kwenye vichaka vya miiba, suruali ikichanika. Kule juu ukuta ulimzidi kwa mkono mzima. Alipiga kelele, na Petrus, mtunza makaburi, akatokea kwenye banda lake lililokuwa nje ya ukuta, akiburuta debe la mafuta ya taa.

"Panda, mzee. Nimelishika. Ila usirukeruke, lina kutu."

Kichwa cha Zelik kikatokeza. Kule ndani wanaume tisa, wakiwa wamezunguka tuta jekundu la udongo, waliinua macho yao. Favish alianza mstari wake, neno kwa kila mtu, na neno la kumi alilisema akimnyooshea Zelik kidole. Mstari ukaisha.

Ruven akaanza. Sauti yake ilikatika mwanzoni, kisha ikashika. Zelik aliitikia amina pamoja nao, kwa nguvu, ili upepo usimpunguze. Ndipo macho yake yakamponyoka. Nyuma ya bega la Shaya, mstari wa tatu, palikuwa na jiwe jeupe, dogo, lenye kichwa cha mviringo, kama alivyomwomba mchongaji. Hinda. Miaka kumi na moja. Shingo yake ikageuka yenyewe.

"Zelik! Huku!" alifoka Favish. "Bila uso wako tuko tisa!"

Akarudisha uso. Akaitikia hadi amina ya mwisho, machozi yakimfikia kidevuni, bila kuwageuzia kisogo hata mara moja.

Kisha wakajipanga mistari miwili, Ruven akapita katikati, kila mmoja akimwambia neno la faraja. Zelik naye alisema la kwake kutoka juu ya ukuta, lakini walikuwa wameshaanza kushuka. Ruven peke yake aligeuka akampungia.

"Kesho nipo, mjomba!" aliita. "Jumapili narudi Johannesburg."

Yaani kesho kumi, na baada ya kesho tisa, na tisa tena. Injini ziliwaka getini. Kila mtu alikuwa na mishumaa ya Sabato ya kuwahi.

"Mzee, mgongo wangu," alisema Petrus kutoka chini.

"Dakika moja. Namwangalia mke wangu."

"Wapi?"

"Lile jeupe. Mstari wa tatu."

Petrus aliliacha debe, akajivuta ukutani kwa mikono yake miwili, akachungulia. Ndiye aliyekuwa akifagia pale kila wiki.

"Yule ni mama Lipshits," alisema. "Mkeo yuko kule chini, nyuma ya nyumba ya maji. Kutoka hapa haonekani. Hata upande wapi, haonekani."

Zelik aliendelea kulitazama lile jiwe la mama Lipshits, aliyewahi kumdhulumu Hinda kiti cha mbele cha wanawake, na kwa muda hakuona pengine pa kupeleka macho. Kisha akashuka polepole, mkono ukutani.

"La kwake," alisema, "bado limesimama?"

Petrus alifikiri.

"Limeinama kidogo."

"Upande gani?"

"Upande wa mto," alisema Petrus, akachukua debe lake.