Oili ya Gari la Bosi

Wema wa kaka yangu nusura uue mtu. Nasema wazi, na akisikia asikie.

Mimi ni dereva wa bodaboda, na pikipiki yangu naiwekea oili ya dizeli, ile ile ya malori. Wenzangu kijiweni walinicheka hadi wakachoka. Lakini sikuiokota tu dukani, maana si kila oili ya dizeli inafaa. Hii yangu imeandikwa kabisa mgongoni mwa galoni kwamba ni ya pikipiki pia. Klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili ya injini. Ukiweka ile nyepesi ya magari madogo, klachi inateleza: injini inapiga kelele, tairi halina habari.

Sasa kaka yangu anamwendesha bosi mmoja, na siku hizi anatembea utadhani gari ni lake. Kila akija kwangu lazima anune. "Dada, mafuta ya lori? Watu watanionaje?" Watamwonaje yeye! Pikipiki yangu, jasho langu, aibu yake.

Basi juzi asubuhi mkewe akashikwa na uchungu kabla ya siku zake. Wanakaa juu kilimani, na siku ya mapumziko gari la bosi linalala kwa bosi. Kaka akanipigia simu: nimletee mkunga, upesi. Nikampakia mama wa watu na begi lake, tukaondoka.

Kwenye tambarare tulikwenda vizuri. Kilima kilipoanza nikaongeza moto, injini ikalia, pikipiki ikanywea. Nikashusha gia, ikalia zaidi. Bibi mmoja mwenye ndoo kichwani akatupita. Mkunga akashuka bila kuambiwa.

"Mwanangu, mimi natangulia kwa miguu," akasema. Umri ule, na begi lile!

Simu ikaita. Kaka. "Mko wapi? Mwenzenu anasukuma!"

"Pikipiki haipandi. Klachi inateleza."

"Haiwezekani! Jana ulipokuwa jikoni nimeimwaga ile takataka yako, nikakuwekea oili ya gari la bosi. Ya bei mbaya hiyo!"

Jamani! Oili niliyoiweka wiki hiyo hiyo, ameimwaga. Hakuuliza, hakusoma, hakusema. Kanywa chai yangu, kaaga, kaondoka zake. Nilikuwa na matusi ya kumtosha yeye na bosi wake, ila pumzi nilizihitaji. Nikaiacha pikipiki pale pale, nikamkimbilia mkunga, nikambebea begi, nikamshika mkono, tukakipanda kilima tukihema.

Tulipoingia, mtoto ndiyo kwanza ametoka. Kimya. Midomo ya bluu. Jirani amempakata, hajui afanye nini, na kaka yuko ukutani, mikono kichwani. Mkunga akamfuta mdomo na pua, akamsugua mgongo. Akamsugua tena. Nikajikuta namwomba Mungu kwa sauti, mimi ambaye hata sala huwa nasahau. Halafu kale katoto kakalia, na mimi nikalia.

Kaka akanivuta pembeni. "Dada, mimi nilikutakia mema tu."

"Mema! Kinywa unacho, kwa nini hukuniuliza?"

"Sikujua."

"Ndiyo maana watu huuliza!"

Mkunga akatunyamazisha wote wawili.

Wifi alipopata nguvu ya kusema, mtoto kifuani, akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Wifi, mbona mlichelewa hivyo? Niliwangoja mpaka nikajua mwanangu ndiyo basi."

Kaka akaniangalia. Nayajua macho yale tangu utotoni, ya kuniomba nimfichie kwa mama. Nimemfichia vyombo alivyovunja, nimemfichia shule alizotoroka, viboko vingine nimekula mimi.

"Muulize mumeo," nikasema. Kisha nikavuta kigoda, nikakaa mbele ya kaka nimsikie.